Nimepokea sale la kaka yangu, lakini tumbo bado linakaza. Je, nimesamehe?

FundiCherehani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada, na tafadhali msinirushie mistari tu. Mistari ninayo.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi mjini. Nyumbani ni Old Moshi, napanda na Hiace kila jioni. Mwaka jana mama yetu aliugua, nikakaa naye hospitalini wiki tano. Siku moja nikarudi nyumbani kuchukua khanga na chupa ya chai, nikashangaa nyuma ya jiko kuna mwanga. Pale huwa hapana mwanga. Mringaringa wa mama umekatwa! Mti ule ukitoa maua, yalikuwa yanadondoka meupe kwenye ndoo za maji, tunayaopoa na kikombe ndiyo tunapika. Kaka aliuuza kwa watu wa mbao mama akiwa kitandani. Mama alifariki Septemba bila kujua. Nilikuwa namwambia nyumbani kuko salama.

Tarehe 26 Desemba, wote tumepanda nyumbani kama ilivyo kawaida yetu, baba mdogo akamleta kaka na jani la sale. Kwa wasio wa huku: akikuletea sale ameomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Nikalipokea. Tukanywa mbege, baba mdogo akaomba, watu wakapiga makofi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye lile jani. Sale hilohilo ndilo tunalopanda mpakani kutenganisha vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na kaka alilichuma hapo hapo, kati ya kwake na kwa mama. Lilikuwa bado lina umande.

Sasa ni miezi mitatu. Kaka anaimba besi kwaya ya usharika. Akifungua mdomo tu, tumbo langu linakaza kama uzi ulionasa kwenye bobini. Mara mbili nimeacha kwenda Meza ya Bwana. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi ananiambia kama ningesamehe kutoka moyoni nisingesikia chochote. Ni kweli? Au mimi ni mnafiki niliyepokea jani mbele za watu?

Jiwe_la_Pembeni

Mathayo 18:22. Saba mara sabini. Samehe dada, ubarikiwe.

FundiCherehani

Amen.

MzeeWaMachame

Binti yangu, pole kwa msiba. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, nimekaa kwenye mabaraza ya sale mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sijaona mtu aliyepokea jani na tumbo likatulia siku hiyo hiyo. Labda walevi.

Huyo mama wa kikundi anatumia neno moyo kama tunavyolitumia barabarani: moyo unauma, moyo umefurahi. Waebrania hawakuishia hapo. Kwao moyo ndio unaofikiri na kuamua. Sulemani alipotaka akili ya kuwahukumu watu aliomba apewe moyo, 1 Wafalme 3:9. Leo tungesema kaomba kichwa. Yale yanayochemka ndani waliyaweka chini zaidi. Fungua Yeremia 17:10, Bwana anauchunguza moyo na kuvijaribu viuno. Hivyo viuno, kwenye Kiebrania ni figo. Na Mathayo 9:36, Yesu alipowaona makutano akawahurumia, kitenzi cha Kigiriki kinatokana na neno la matumbo. Bwana wetu naye aliguswa tumboni, sioni aibu yako inatoka wapi.

Moyo wako uliamua tarehe 26, mkono ukapokea. Moyo ulipanda Hiace, tumbo linapandisha mlima kwa miguu.

Halafu msome Yusufu taratibu. Alikimbilia chumbani kulia, akanawa uso, akatoka akajizuia (Mwanzo 43:30-31). Akaja kuwasamehe kweli ndugu zake waliomuuza, akawapa na ardhi. Yakobo baba yao akaishi Misri miaka 17, akafa, na baada ya mazishi tu wale ndugu wakaanza kuogopa upya kwamba sasa atalipiza. Miaka 17 wanakula chakula chake! Yusufu akalia tena. Nenda mezani, binti yangu.

DadaWaNjiro

Shikamoo mzee. Nimefurahia hiyo ya figo, ila mimi ningeuliza kwanza. Dada, siku ya sale, kuna mtu yeyote aliyetaja mti?

FundiCherehani

Hapana. Baba mdogo alisema "kwa yote yaliyopita".

DadaWaNjiro

Ndiyo hiyo. Yote yaliyopita ni kama kufagia uvungu gizani. Mimi mume wangu aliniomba msamaha "kwa yote" mara nne, nikapokea mara nne, na nilikuwa naendelea kusaga meno usiku mpaka jino likapasuka. Siku alipotaja jina la yule mwanamke ndipo nilipolia. Mathayo 18 mnayoipenda, rudini mstari wa 15: ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Atajiwe kosa lenyewe. Tumbo lako huenda halikosi imani, linasema tu kwamba kuna kitu hakijasemwa.

MzeeWaMachame

Marahaba. Lakini kwa mila, ukishapokea sale hufufui kesi. Baba mdogo akisikia itakuwa balaa.

DadaWaNjiro

Sijasema kesi mzee. Nasema ataje mti. Baba mdogo atasikiaje kama wako wawili?

MzeeWaMachame

Haya, hapo umenishinda. Basi na mimi niongeze kitu. Binti yangu, kuna sentensi umeipita mbio: ulikuwa unamwambia mama nyumbani kuko salama. Ulivyoandika hapo, na mengine yote uliyoyaandika kwa kirefu, nimejiuliza hilo tumbo linamkazia kaka peke yake?

FundiCherehani

Mzee, nimesoma hiyo nikiwa kibandani, nimeshona mkono wa blauzi ya mteja kinyume. Naomba niwaache kwanza.

FundiCherehani (wiki mbili baadaye)

Nimerudi. Jumamosi nilimkuta kaka shambani akipogoa kahawa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nilipofika nikasema "mringaringa", nikaishiwa hapo.

Akasema ulikuwa unaoza. Nikamwambia nimekikalia kile kisiki asubuhi, ni kizima mpaka katikati, na kimeanza kuchipua. Akaendelea kukata vijiti. Muda ukapita, nikadhani ndiyo basi. Halafu bila kunitazama akasema, "Laki tatu na nusu." Hakusema samahani, alitaja bei tu.

Na mimi nikamwambia la kwangu. Kwamba mama alifariki akijua mti upo, kwa sababu nilimdanganya. Kaka akaweka mkasi chini. "Aliuulizia?" Nikamwambia kila siku. Kila asubuhi nikimnawisha uso aliuliza kama umetoa maua, na mimi nilikuwa namjibu yamejaa kwenye ndoo. Kaka akavua kofia akajifunika nayo uso, akakaa pale kwenye majani makavu ya migomba muda mrefu. Sikumgusa. Nilitaka, nikashindwa.

Dada wa Njiro, usidhani nimepona. Nimekasirika upya, maana fundi mbao mmoja hapa mjini ananiambia mti wa unene ule haupungui laki sita. Kwa hiyo kaka kauuza mringaringa wa mama, tena kwa hasara.

Lakini Jumapili nilikwenda mezani. Yeye alikuwa watu watatu mbele yangu, kofia kaishika nyuma ya mgongo. Tumbo likakaza kama kawaida yake. Nikapiga magoti hivyo hivyo.