Pikapu kubwa ya mkono wa pili ya kuvutia tela: F-150, Silverado, Ram au Tundra?

MbebaMizigo_Houston
Habari zenu wakuu. Natafuta pikapu ya mkono wa pili, toleo la kati ya 2018 na 2021, kwa kazi ya kuhamisha watu nyumba hapa Houston. Tela langu la ekseli mbili likijaa linafika paundi 6,500, na ndani ya gari tunakaa wanaume wanne. Nimebakiwa na nne: Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500, Ram 1500 na Toyota Tundra, zote za milango minne.

Kwenye karatasi zinakaribiana mno. F-150 ya V8 lita 5.0 ya 2018 hadi 2020 ina farasi 395 na torki paundi-futi 400. Ram ya Hemi lita 5.7 ina 395 na 410. Silverado lita 5.3 ina 355 na 383, Tundra lita 5.7 ina 381 na 401. Hela ninayo ya gari moja tu, kwa hiyo nataka kujua ugonjwa wa kila moja kabla sijaitoa.

Kigamboni77 (Dallas)
Mkuu, Tundra. Injini yake ya lita 5.7, inayoitwa 3UR, ilikuwa ndani ya Tundra toka 2007 mpaka 2021. Haina turbo, haina mfumo wa kuzima silinda, giaboksi ni ya gia sita. Ubaya wake ni kunywa mafuta: ya 4x4 imepimwa maili 13 kwa galoni mjini na 17 barabara kuu, wakati F-150 ya 2018 yenye turbo lita 3.5 imepimwa 17 na 23. Ukishalikubali hilo, umemaliza. Ila usishawishike kupanda mpaka toleo la 2022, pale ndipo walipoweka V6 ya turbo mbili. Mwaka 2024 Toyota iliita kwa marekebisho zaidi ya magari 100,000 ya 2022 na 2023, Tundra na Lexus LX, kwa sababu ya mabaki ya vyuma yaliyosalia ndani ya injini kiwandani.

Kericho_MN
Naongea kutoka Minnesota, kwa hivyo mawazo yangu yako kwenye chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu na kuleta kutu. F-150 ina bodi ya alumini tangu 2015, na hiyo kwetu ni baraka. Lakini chesisi bado ni chuma, kwa hivyo usimwamini muuzaji anayekuonyesha milango inayong'aa. Lala chini uangalie mabomba ya breki na sehemu springi zinaposhikilia. Gari likiwa limetoka majimbo ya baridi likaletwa Texas kuuzwa, historia yake itaonyesha liliposajiliwa.

FundiUvira (Des Moines)
Ndugu yangu, kazi yangu ni gereji, nitakueleza kwa masikio. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Pikapu hizi zinasema ukweli wao asubuhi, injini ikiwa baridi.

Ram ya Hemi: sikiliza mlio wa tik-tik. Ukisikika baridi kisha ukapotea injini ikipata moto, mara nyingi ni bolti za manifodi ya eksosi zimekatika, hasa za nyuma. Manifodi ikipanuka kwa joto inaziba mwanya. Bolti iliyokatikia ndani ya silinda hedi inatoa jasho, lakini injini ni nzima. Mlio ukibaki hata injini ikiwa moto, na hasa ukiambatana na silinda moja kukosa kuwaka, hapo shaka inahamia kwenye kemshafti, shafti inayofungua vali, na lifta, vipande vinavyosukumwa nayo, na hiyo ni bili nyingine kabisa. Kumbuka pia Hemi ina plagi 16, mbili kwa kila silinda.

Silverado 5.3: mfumo wake unazima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, na lifta zinazofanya kazi hiyo ndizo zinazokwama. Dalili ni mlio unaofuata mwendo wa injini, gari kutetemeka likiwa limesimama, taa ya injini kumweka. Zenye giaboksi ya gia nane zinajulikana pia kwa mtetemo ukienda mwendo wa kati na mguu mwepesi kwenye mafuta, kama unapita juu ya matuta madogo yasiyoisha. Watu wanakimbilia kubadilisha matairi. GM yenyewe ilielekeza kumwaga oili yote ya giaboksi na kuweka ya aina mpya. Za kazi, kama WT na Custom, nyingi zina gia sita, na mtetemo huo hauzihusu.

F-150: V6 ya turbo lita 3.5 ya 2017 hadi 2020, ikiwashwa baridi, inaweza kutoa mkwaruzo wa sekunde chache. Ni vile vifaa vya kurekebisha taimingi vilivyo mbele ya kemshafti. Ford ilikuwa na mpango wa kuvibadilisha, namba 21N03, lakini muda wake umepita, omba risiti. V8 ya 5.0 ya 2018 hadi 2020 ililalamikiwa kupunguza oili. Ford ilibadilisha programu ya injini na kutoa dipstiki mpya yenye nafasi pana zaidi kati ya alama. Chomoa dipstiki kabla ya kuwasha, si baada.

Na za 4x4 za Ford: ukisikia kusaga gurudumu la mbele wakati uko kwenye 2H (magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayosukuma), usikimbilie kubadilisha bearingi. Habu zake za mbele zinazuiwa zisiungane kwa mvuto wa hewa. Kipira kikipasuka au vali ndogo ikiingia maji, mvuto unapungua na meno yanagusana nusu-nusu. Vipuri hivyo ni vya bei ndogo, ila ukiviacha hivyo habu nzima inaliwa.

MbebaMizigo_Houston
Asante sana fundi, hii naichapisha niende nayo. Kwa hiyo unanielekeza Tundra au 5.0?

MamaTela
Kabla hajakujibu, mdogo wangu, umetaja farasi lakini hukutaja namba inayokuhusu zaidi. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna kibandiko cheupe chenye mstari wa njano kinachosema uzito wa watu na mizigo usizidi kiasi fulani. Namba hiyo ni ya gari lile lile, pamoja na vitu vyote lililotoka navyo kiwandani. Viti vya ngozi, paa la kioo, 4x4, vyote vimeshakatwa humo.

Sasa piga hesabu. Ulimi wa tela unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Chukua 13: ya paundi 6,500 ni 845. Wanaume wanne, tuseme 720. Hichi ya kugawa uzito, yaani chuma cha kuungia tela, 80. Vifaa unavyotupa nyuma, 200. Jumla 1,845. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta mlangoni.

Kigamboni77 (Dallas)
Dada, Tundra inaruhusiwa kuvuta tela zito kuliko hilo. Ipo kwenye kitabu.

MamaTela
Kuvuta, ndiyo. Lakini kitabu hakikuhesabu wanaume wanne na vifaa vyao. Karibu kila mara pikapu ya nusu tani, yaani za daraja la hizi nne, inafikia mwisho wa kubeba kabla ya mwisho wa kuvuta. Ukizidisha, matairi na ekseli ya nyuma ndivyo vinavyolipa, mbele inakuwa nyepesi na usukani unalegea. Mimi hubeba mashine za kukatia nyasi na vijana wa kazi, na hili silifanyii mchezo.

MbebaMizigo_Houston
Nimerudi, nimepiga picha milangoni. Ram Laramie 4x4: 1,262. Tundra CrewMax 4x4: 1,410. F-150 XLT 4x4 ya 5.0: 1,790. Silverado niliyoitaka imeshauzwa. Sikutegemea Ram iwe chini hivyo, maana ndiyo iliyopanda vizuri kuliko zote.

FundiUvira (Des Moines)
Ram inatumia koili springi nyuma badala ya springi za majani, ndiyo sababu unaona raha. Kwa familia ni gari zuri sana. Na wewe uko Houston, 4x4 ni ya nini? Tafuta XLT hiyo hiyo ya 5.0 bila 4x4. Namba ya mlangoni itapanda, na zile habu nilizokueleza hazitakuwepo kabisa. Soma na alama ya ekseli kwenye kibandiko cha pili: 19 au L9 ni uwiano wa gia wa 3.55, na kwa tela lako hiyo ni bora kuliko 3.31.

MbebaMizigo_Houston
Imepatikana Katy, hapa jirani na Houston. XLT 2019, 5.0, 4x2, mlangoni 1,968, ekseli L9. Namba ya chesisi nimeiingiza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa magari, haidaiwi marekebisho yoyote. Nimemwomba mwenyewe asiiwashe kabla sijafika kesho asubuhi.

MamaTela
Beba tochi na kitambaa cheupe cha kufutia dipstiki. Na nenda na tela likiwa limejaa, mwombe akuruhusu ulivute mpaka barabara kuu.