Mafuta gani yanafaa kwa mkanda wa ngozi wa kunolea wembe?

Makali_Mombasa

Wanajukwaa, salaam. Nimepata mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kunolea wembe wa kukunja, ambao ulikaa dukani muda mrefu hadi ukakauka, kiasi kwamba nikiukunja kidogo unatokeza mistari myeupe usoni. Wembe ukipita juu yake unateleza tu, bila ule mvuto unaoonyesha kwamba ngozi inashika. Nimefikiria mafuta ya miguu ya ng'ombe, lanolini, mafuta ya nazi ambayo sikosi jikoni, na ile dawa ya manjano ya Dovo, kampuni ya nyembe ya Solingen, Ujerumani. Naomba mnilinganishie, mkikumbuka kwamba huku kwetu hata mkoba wa ngozi ukiachwa kabatini wakati wa masika huota ukungu.

Fundi_wa_Ngozi

Kabla ya kuchagua mafuta, chunguza kwanza ngozi yenyewe. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati ya Njombe, hunywa mafuta upesi na hugeuka rangi, ilhali ngozi za aina ya hatamu za farasi hutoka kiwandani zikiwa zimeshibishwa shahamu na nta, na zinaweza kukaa miaka bila kuhitaji kitu. Weka tone dogo la maji upande wa nyuma, karibu na ncha. Likinywewa mara moja na kuacha doa jeusi, ngozi ina kiu. Likibaki juu kama shanga, usiiguse.

Kwa mistari myeupe unayoieleza, mimi ningeanza na mafuta ya miguu ya ng'ombe. Hukamuliwa kwa kuchemsha mifupa ya miguu ya ng'ombe, na tofauti na shahamu ya sehemu nyingine za mwili, hubaki kimiminika hata penye baridi, ndiyo maana huzama hadi katikati ya ngozi badala ya kuganda juu. Soma kibandiko kwa makini, kwa sababu yapo yaliyo halisi na yapo yaliyochanganywa na mafuta ya petroli, ambayo ni rahisi lakini mimi siyaweki kwenye mkanda wa wembe.

Ubaya wake ni kwamba hayasamehe. Mkanda uliokunywa kupita kiasi hulegea, na mkanda uliolegea hubonyea chini ya wembe kisha ukainuka nyuma yake, ukikumbatia makali na kuyaviringisha badala ya kuyanyoosha. Utanoa asubuhi nzima na wembe utazidi kuwa butu.

Babu_Kinyozi

Nakubaliana na Fundi kuhusu kiasi, ila sikubaliani na haraka ya kufungua chupa. Vinyozi wa zamani walipaka povu la sabuni ya kunyolea juu ya mkanda, wakalisugua kwa chupa laini ya kioo hadi likapotea, wakauacha ukauke. Sabuni nzuri ya kunyolea ina shahamu ndani yake, na povu huipeleka kwenye ngozi kidogo kidogo. Baada ya hapo kazi ni ya kiganja: kila siku kabla ya kunoa, sugua mkanda kwa mkono msafi, kwenda na kurudi, hadi uhisi ngozi imepata joto. Joto hilo na mafuta machache ya mkono vinatosha kwa mkanda ambao haujafa.

Fundi_wa_Ngozi

Shikamoo Babu. Kwa mkanda ulio hai sina ubishi. Huu wa Mombasa umeshapasuka uso, na povu ni maji zaidi kuliko shahamu. Katika hewa ile yenye unyevu, ngozi iliyoloweshwa na kutundikwa ukutani itaota ukungu kabla ya kulainika. Kiganja nakiunga mkono kabisa, lakini kije baada ya mafuta.

Ndevu_Maskati

Mimi natumia lanolini, yaani mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, kwa kuwa hapa Maskati viyoyozi hukausha ngozi mwaka mzima. Ni nzito na inanata, kwa hiyo lazima uiyeyushe kwanza kati ya viganja, na ndiyo inayorudisha mvuto kuliko zote nilizozijaribu. Ukizidisha, wembe unakwama katikati ya mkanda, na wembe unaokwama huchana ngozi. Lakini kwa mkanda uliokauka hadi ndani, lanolini peke yake haizami vya kutosha.

Kuhusu mafuta ya nazi, watu huyadharau bila haki. Karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni ya aina isiyoharibiwa upesi na hewa, kwa hiyo hayachachi haraka kama ya zeituni au alizeti, ambayo nisingeyapaka hata kwenye kiatu. Tatizo ni yale ya kuchemsha tui nyumbani, kwa sababu hubaki na chembe za tui na maji, na hicho ndicho chakula cha ukungu. Aliye nyanda za juu ana shida nyingine: yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24.

Makali_Mombasa

Nashukuru sana. Na ile ya Dovo?

Babu_Kinyozi

Ya manjano ni ya kutunza ngozi na haina mchanga wa kunolea, kwa hiyo ni salama, ingawa kwa mkanda mmoja naiona ghali. Angalia usichukue nyekundu au nyeusi, maana hizo ni dawa za kunolea. Ukizipaka kwenye mkanda wako wa kumalizia, hazitoki tena. Rangi ya viatu pia usithubutu.

Fundi_wa_Ngozi

Kwako Makali: matone machache ya mafuta halisi ya miguu ya ng'ombe kwenye kiganja, si kwenye mkanda, usugue uso sawasawa, uuache umelala bapa usiku kucha mahali penye hewa. Kesho yake ukunje tena. Mistari ikiwa bado ipo, rudia kwa kiasi kilekile. Ikiwa imetoweka, acha hapo hapo hata kama mvuto haujarudi wote, kwa sababu huo utaletwa na kiganja au lanolini kidogo mno. Ukiona umezidisha, nyunyiza wanga wa mahindi usoni, uuache ufyonze mafuta, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu na usipitishe wembe hadi chembe zote ziishe.