Naomba ushauri: nibadilishe mwenyewe springi na shokapu za Hilux, au nimwachie fundi?

Muulizaji, Ilazo, Dodoma

Wakuu, habari za leo. Ninamiliki Toyota Hilux Vigo ya milango minne, ambayo siku za kazi hunipeleka ofisini na mwisho wa wiki hubeba tenki la maji la lita 1,000 kwenda shambani kwangu Hombolo, na msimu wa zabibu hurudi na kreti zilizojaa. Nyuma gari limelala, na nikishuka kwenye tuta huendelea kudundadunda badala ya kutulia. Nimepewa bei ya seti nzima yenye springi ngumu zaidi za nyuma, koili za mbele na shokapu nne, ambayo muuzaji anasema italinyanyua gari kwa takriban sentimita 5. Gharama ya ufundi niliyotajiwa ni kubwa. Nyumbani nina spana za kutosha, jeki ya chupa na uwanja mpana, na breki huwa ninabadilisha mwenyewe bila shida. Je, kazi hii inamfaa mtu asiye fundi, na hatari yake hasa iko wapi?

Mchangiaji, fundi wa chini (sehemu za chini ya gari), Chang'ombe

Ndugu yangu, hizo ni kazi mbili tofauti ambazo muuzaji amezifunga katika boksi moja. Kubadilisha shokapu za nyuma za Hilux ni jambo la kufungua bolti ya chini na nati ya juu, na mtu makini anayeweza kubadilisha breki ataimaliza. Springi za nyuma, zile za vyuma bapa, ni nzito lakini zinawezekana, mradi ekseli iwe imeshikiliwa na jeki yake na chesisi iwe imekaa juu ya stendi. Mbele ndiko ninakokukataza. Koili ya mbele imefungwa pamoja na shokapu, na hata ukiitoa kwenye gari bado imebanwa kwa nguvu kubwa, kwa hiyo ukilegeza nati ya katikati pale juu bila kibanio maalumu cha springi, kile kikombe cha juu kitaruka pamoja na koili, na kichwa chako kitakuwa karibu. Nimeona watu wakiibana kwa waya na minyororo. Mimi simruhusu mwanafunzi wangu kukaa karibu na kazi ya namna hiyo.

Kuhusu uwanja, udongo wetu wa kichanga humeza jeki ya chupa taratibu wakati wewe uko chini ukikaza bolti. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Tofali la saruji lisitumike kabisa kushikilia gari, kwa sababu halitoi dalili kabla ya kupasuka.

Jambo jingine ambalo hata gereji nyingi hulikosea ni kukaza bolti za bushi (mipira ya kwenye viungo vya springi) gari likiwa bado limening'inia. Mpira wa bushi hushikwa katika mkao uliopo bolti inapokazwa, hivyo gari likishushwa mpira unabaki umejisokota muda wote na kuchanika mapema, kisha mwenye gari anailaumu spea. Zifunge kwa kushikiza tu, shusha gari likae kwa magurudumu yake, ndipo ukaze kwa kipimo.

Mchangiaji, Kondoa

Kabla ya spana, tupige hesabu. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, bado hujaweka uzito wa tenki, wa kwako na wa kijana anayekusaidia. Hilux nyingi uwezo wake wa kubeba uko karibu na tani moja, abiria wakiwemo, kwa hiyo gari lako linalala kwa sababu limezidiwa. Springi ngumu zitanyanyua bodi, lakini ekseli, beringi na breki zitabaki zilezile, na siku za ofisini, likiwa tupu, litakurusha kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi hadi utamani springi za zamani. Kudunda baada ya tuta ni dalili ya shokapu zilizokufa. Zikague kama zina mafuta yaliyovuja, na ununue jozi kwa kila ekseli.

Muulizaji

Nashukuru sana. Nimechungulia chini, na shokapu zote mbili za nyuma zimeloa mafuta yaliyoshika vumbi. Nikipunguza maji hadi nusu ya tenki, nikabadilisha shokapu na springi za nyuma pekee, kuna ubaya wowote kuiacha mbele kama ilivyo?

Mchangiaji, Area D

Hakuna ubaya, ila chagua springi za kimo cha kiwandani au zilizozidi kidogo sana. Nyuma ikinyanyuka peke yake, taa za mbele huelekea chini na usiku hutaona mbali. Lala chini pia uangalie kama gari lako lina ile vali ya breki yenye fimbo inayoungana na ekseli ya nyuma. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali uliopo kati ya bodi na ekseli, na bodi ikinyanyuliwa huamini kwamba gari ni tupu, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma hata kama umebeba maji. Fimbo hiyo hurekebishwa, lakini hapo mwite fundi. Siku ukiamua kunyanyua na mbele, utahitaji pia kupima alaimenti (mkao wa magurudumu), na itakubidi uijulishe kampuni yako ya bima.

Fundi wa chini, Chang'ombe

Naongeza kwa upande wa nyuma tu. Yubolti za zamani (zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) usizirudishe, kwa sababu zikishakazwa huwa zimekwisha kuvutika. Nunua mpya pamoja na nati zake. Za zamani zipulizie dawa ya kulegeza kutu siku moja kabla ya kuzifungua, kisha mpya zikaze kwa kupishanisha pembe ili bamba zinalolibana likae sawa, na baada ya kilomita mia chache za barabara ya Hombolo rudi uzikaze tena, kwa kuwa springi mpya hujipanga na nati hulegea.