MREJESHO: Nataka kupiga picha za mitindo, nianzie wapi?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nianzeje nikiwa na kamera moja, lenzi ya 50mm, bila taa wala mteja. Asanteni wote mliojibu, hata yule aliyeniambia niiuze kamera nikalime.

Ushauri uliobeba ni ule wa kushirikiana: mwanamitindo chipukizi, mpambaji na mbunifu wa nguo, hakuna anayemlipa mwenzake, kila mmoja anaondoka na picha za kujitangazia. Tuliandikiana mapema nani atazitumia wapi, na hilo limetuepusha na ugomvi. Mwanga ni wa dirishani tu. Upande wa kivuli naweka ubao mweupe urudishe mwanga; nikitaka kivuli kikolee zaidi usoni, naweka kitambaa cheusi mahali pake. Anayeanza asikimbilie flashi. Na pasi ya mvuke jamani! Mkunjo wa gauni ni dakika moja kuunyoosha pale pale, lakini kuufuta kwenye kompyuta utakesha.

Kilichogoma ni majarida. Wengi kimya, na mhariri mmoja alijibu kwamba picha ni nzuri ila hazina kisa kinachoziunganisha. Nadhani yuko sahihi.

Kazi ya kulipwa imetokea kwingine: yule mbunifu amenipa katalogi yake, nguo mbele ya ukuta mweupe, f/8 (yaani tundu la lenzi nimelibana), ili kitambaa kionekane vizuri mpaka pindo. Haina mbwembwe, ila inalipa. Nafasi ya kuwa msaidizi wa mpiga picha mzoefu bado naitafuta.