Tulioungua na pilingi (asidi za kubambua ngozi) za kujipaka wenyewe, tupeane uzoefu

Mama Zabibu: Leo nimepita Majengo nikakuta binti kapanga vichupa vya pilingi mezani, mwili ukanisisimka. Wenzangu mlioungua mpo?

Wa Kondoa: Nipo. Vifundo vya vidole mpaka leo vyeusi tii.

Nkuhungu moja: Mi ilibaki wiki 2 sendofu ya mdogo wangu, nina madoa ya chunusi, shosti akaniuzia kichupa kimeandikwa TCA 50%, yaani ile asidi kali, nami najua namba kubwa ndo kazi nzuri. Nikapaka usiku, nimeambiwa dakika 2, kinanichoma kidogo tu nikaongeza, mara uso mweupe kama umepigwa chokaa, nikashangilia jamani, kumbe ngozi inaiva! Moto ulivyokolea nikakimbilia bombani, siku ya mgao, dumu lina maji ya chini kabisa. Nikajipaka dawa ya meno. Asubuhi jicho moja halifunguki. Daktari wa ngozi akasema kwa asilimia hiyo makovu ni nje nje. Sendofu nilikaa jikoni na mtandio, picha ya familia simo. Shavuni nimebaki na keloidi, kovu lililovimba.

Wa Kondoa: Dawa ya meno tena 😭 pole mamii

Mzee wa Singida: Mnajichubua halafu mnalia.

Nkuhungu moja: Kaka soma kwanza, nimesema MADOA.

Mzee wa Singida: Yale yale tu, mkorogo na mtoto wake.

Mama Zabibu: Mkeo anapaka nini, tukuulize?

Bi Saluni: Msiogopeshe watu, mi nafanya mwaka wa 4, sijaunguza mtu. Siri ni kukaa mbali na jua.

Mama Zabibu: Jua la Dodoma unalikimbilia wapi dada, uvunguni?

Area C: Mwaka 2024 mwezi wa 7 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasijipake hizi asidi kali bila mtaalamu, TCA, glaikoliki, salisiliki, laktiki. Na ngozi nyeusi kama zetu zikiungua ndo zinaacha weusi zaidi. Ikikuchoma ni maji mengi yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali.

Wa Kondoa: Mgao je?

Area C: Gonga kwa jirani.

Mgogo halisi: Asali ya Itigi, siku 3 umepona.

Bi Saluni: Kwenye kidonda kibichi? Utaamka na siafu.

Mama Zabibu: Nkuhungu, kile kichupa ulikitupa?

Nkuhungu moja: Kipo juu ya kabati, naogopa hata kukishika.