Windows 10 ipo, naongeza Linux pembeni: Ubuntu, Mint au Debian kwa upande wa draiva?

mwalimu_tabora
Habari wakuu. Mashine yangu ina Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenda 11 imegoma. Windows siitoi, maana programu ya alama za wanafunzi inafanya kazi humo tu, ila kazi nyingine zote nataka nizihamishie Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ambao Ubuntu, Mint na Debian ni aina zake. Nimeijaribu Ubuntu kwenye flashi bila kusakinisha: sauti ipo, skrini safi, waifai haionekani kabisa, nadhani ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa. Niende Mint au Debian? Au ninunue kile kidude cha waifai cha kuchomeka USB? Jumamosi nataka nianze.

chumvi77
Mashine gani mkuu? Hata kampuni hujataja.

nahodha_tanga
Weka Debian. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, fimwea zisizo huria (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya vifaa) zimo kwenye flashi yenyewe ya kusakinishia. Mimi draiva sijatafuta siku nyingi.

binti_pangani
Nahodha, unatoa dawa kabla ya kipimo. Chipu yako ni Intel, ulishatuambia kwenye uzi mwingine, na draiva yake imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Ungeweka toleo lolote ingeshika.

Mwalimu, washa tena ile flashi, fungua teminali, andika lspci -nnk, kisha tafuta mstari wa "Network controller". Tuletee namba zilizo ndani ya mabano ya mraba. Jina lililobandikwa chini ya mashine halitoshi, kwa sababu mashine mbili za jina moja hutoka kiwandani na chipu tofauti.

mwalimu_tabora
Samahani dada. Ni HP 15, ya mwaka 2015 hivi. Imeandika Broadcom BCM43142 [14e4:4365]. Chini yake: driver in use bcma-pci-bridge.

binti_pangani
Sasa tunaongea. Hiyo bcma imeipokea chipu mlangoni tu, kuiendesha haiwezi. Unayoihitaji inaitwa wl, na iko kwenye kifurushi cha bcmwl-kernel-source. Tena hicho kifurushi kimo ndani ya flashi hiyo hiyo uliyoichoma. Ukiweka Mint, fungua Driver Manager huku flashi ya Mint ikiwa imechomekwa, itakichukua humo bila intaneti. Kwenye Debian kinaitwa broadcom-sta-dkms na itabidi ukishushe mwenyewe. Kwa chipu yako mimi nasema Mint.

chumvi77
Au chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti. Linux inaiona simu kama mtandao wa waya, haiulizi draiva. Bando dogo tu linatosha kumaliza kazi.

Kidude cha USB usinunue kwa kuangalia boksi. Boksi ni lile lile, jina lile lile, kumbe toleo la pili lina chipu nyingine ndani na draiva yake unaijenga mwenyewe.

mzee_wa_kerneli
Mwalimu, kabla hujagusa chochote, hamisha zile alama ziwe nje ya mashine. Nakwambia kwa uchungu.

Mwaka juzi nilimpelekea fundi mashine ya mke wangu aongeze Linux. Flashi ikawa haioni diski, kwa sababu BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) ilikuwa imewekwa RST badala ya AHCI, ambazo ni njia mbili za mashine kuongea na diski. Fundi akabadilisha palepale, Linux ikaingia, mimi nikafurahi. Jioni mke wangu anawasha Windows: skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inajizima, inajiwasha, bluu tena. Windows ilikuwa haijaandaliwa draiva ya AHCI. Kumbe dawa ilikuwa kuiambia kwanza iwake kwenye Safe Mode (bcdedit /set safeboot minimal), ndipo ubadilishe BIOS, iwake mara moja, halafu uiondoe ile amri. Hata kurudisha RST tu kungeiamsha. Fundi hakujua. Akapiga Windows upya juu ya kila kitu. Hesabu za kikoba za miaka mitatu zilikuwa humo. Mke wangu alikaa wiki mbili anapita nyumba kwa nyumba na daftari, kuuliza kila mama aliweka shilingi ngapi.

mwalimu_tabora
Pole sana mzee wangu. Nanakili alama leo hii.

kijana_kakonko
Kuna Secure Boot pia, ile kinga inayokataa draiva isiyoidhinishwa. Ukisakinisha wl itakuomba utunge nywila. Ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu ya MOK, na hapo uchague Enroll MOK, uandike ile nywila. Mimi nilibonyeza Continue, nikahangaika siku nzima nikidhani draiva ni mbovu.

nahodha_tanga
Mnamtisha mtu. Azime Secure Boot, basi.

binti_pangani
Kama BitLocker (kufuli la Windows kwenye diski) imewashwa, akizima Secure Boot Windows itamdai ufunguo wa kurejesha. Aangalie kwanza.

chumvi77
Halafu kuna saa. Ukitoka Linux ukaingia Windows utakuta iko nyuma saa tatu, saa nne asubuhi inasoma saa moja. Linux huandika UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya ndani. Piga timedatectl set-local-rtc 1.

kijana_kakonko
Hapana kaka, usiiharibu Linux. Windows ndiyo irekebishwe, kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio yake) weka RealTimeIsUniversal iwe 1.

chumvi77
Mwalimu anaanza leo, wewe unamtuma kwenye rejista?

kijana_kakonko
Ni mstari mmoja. Hiyo amri yako, Linux yenyewe inakupa onyo ukishaipiga.

mwalimu_tabora
Asanteni wote. Mint nimeshaanza kuishusha, ingawa Ubuntu ndiyo wenzangu shuleni wanaijua, kwa hiyo bado moyo uko huku na huku. BitLocker nimeangalia, haijawashwa. Jumamosi umeme ukiwepo nitaleta jibu.

nahodha_tanga
Na Bluetooth ya hiyo 43142 je? Ninavyojua inataka fimwea yake peke yake, faili la .hcd, wl haihusiki nayo. Mwenye chipu hiyo alilipata wapi?