X-Trail: nimebadilisha throto, silensa imepanda na haishuki. Naombeni ushauri

MwanaKihonda
Habari za jioni wakuu. Gari hii ndiyo inayopeleka watoto shule, na kwa hali yake sasa naogopa kuiendesha.

Ni Nissan X-Trail ya 2004, injini QR20, gia otomatiki. Throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) ya zamani ilikuwa inakata: unakanyaga mafuta gari haiitikii, taa ya injini inawaka, unasuasua hadi nyumbani. Fundi akasema mota ya throto imekufa. Nikanunua ya mtumba, ikafungwa Jumamosi. Kuvuta inavuta vizuri, ila silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu. Asubuhi mshale wa mizunguko unasimama 2,000, injini ikipata moto unashuka hadi 1,700 na hautoki hapo. Nikiweka D gari inaruka mbele. Jana kwenye foleni ya Msamvu nimekanyaga breki mpaka mguu ukaanza kutetemeka.

Fundi alitoa kichwa cha betri usiku kucha, haikusaidia. Sasa anataka kulegeza kale kaskrubu kadogo pembeni ya throto. Nimemwomba asubiri niulize kwanza.

Mzee wa Spea
Pole sana mkuu. Hapo umeuziwa throto mbovu. Irudishe dukani mapema kabla hawajakukana.

BabaJunior
Corolla yangu ilifanya hivyo hivyo, kumbe wakati wa kufunga kebo ya mafuta ilivutwa sana, kipepeo (kibati cha ndani ya throto kinachoziba hewa) hakifungi. Waangalie kebo.

Fundi Umeme
BabaJunior, hiyo X-Trail haina kebo. Pedali inatuma taarifa kwenye kompyuta, kompyuta ndiyo inaamuru mota ifungue kipepeo. Na ndugu MwanaKihonda, usikubali ile skrubu iguswe. Imepimwa kiwandani, ndiyo mwisho wa kipepeo kujifunga. Ukishaipoteza nafasi yake, hata ukija kupata tatizo halisi huna tena pa kuanzia.

Throto ya zamani ilijaa masizi, na kompyuta ilikuwa imezoea kufungua kipepeo zaidi kidogo ili hewa itoshe. Umeweka safi, uwazi ni ule ule, hewa inaingia nyingi, silensa inapanda. Nissan za umri huo kutoa betri peke yake mara nyingi hakutoshi, lazima kompyuta ifundishwe upya.

Lakini kabla ya hapo nijibu: gasketi ni mpya? Kuna mlio wa "ssss" injini ikiwa inanguruma? Pedali ya breki imekuwa ngumu? Nauliza kwa sababu kama kuna mahali inavuta hewa baada ya throto, haitakubali kujifunza hata urudie mara ishirini.

MwanaKihonda
Gasketi ni mpya, niliinunua mwenyewe. Breki laini. Mlio sina uhakika, feni inapiga kelele.

Fundi Umeme
Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, puliza kidogo kidogo kwenye maungio ya menifoldi (mabomba ya kupeleka hewa kwenye injini) na mipira yote midogo. Palipo na tundu maji yatavutwa ndani na mngurumo utabadilika. Usitumie petroli kama wanavyofanya wengine, injini ya moto itawaka. Anza na mpira unaotoka kwenye valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye menifoldi. Kwenye magari haya unakuwa mkavu kama gamba, ukiusogeza tu unapasuka.

Dada wa Mzumbe
Naunga mkono. Wangu ulipasuka fundi alipokuwa anatoa plagi tu, wala hakuugusa kwa makusudi.

MwanaKihonda
Wakuu, nimeupata! Ni huo huo wa PCV. Kwa juu unaonekana mzima, nilipoupindua upande wa chini kuna ufa, ukiuminya unafunguka kama mdomo, kucha inaingia. Nimeweka mpya. Mshale umeshuka hadi 1,200, lakini 700 ya kawaida bado haijafika.

Fundi Umeme
Safi, sasa ifundishe kompyuta. Injini iwe imepata moto sawasawa, ikiwezekana tembea dakika kumi ili na gia ipate moto. Gia P, usukani umenyooka, AC, taa na redio vyote vimezimwa. Betri iwe na nguvu.

Zima, subiri sekunde 10. Washa swichi hadi ON bila kuwasha injini, mguu usiwe kwenye pedali, hesabu sekunde 3. Kanyaga mafuta hadi mwisho na kuachia kabisa, mara 5, zote ndani ya sekunde 5. Achia, subiri sekunde 7. Kanyaga tena hadi mwisho na ushikilie kama sekunde 20: taa ya injini itapepesa, kisha itaacha kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Hapo achia ndani ya sekunde 3, washa injini, iache ingurume sekunde 20 bila kuigusa.

Dada wa Mzumbe
Kaa na mtu pembeni akusomee saa ya simu. Mimi peke yangu nilikosea mara nne, nilikuwa naachia taa inapoanza tu kupepesa.

MwanaKihonda
Nimerudi. Mara ya kwanza ilikataa, nikagundua taa ndogo nimeziacha zinawaka. Mara ya pili mwanangu wa darasa la sita akanihesabia. Taa ilipotulia nikaachia, nikawasha. Mshale ulipanda kidogo, ukashuka taratibu, ukasimama katikati ya 650 na 700. Nimeweka D, gari imetulia kabisa. Nimewasha AC, ikapanda kidogo na kutulia.

Fundi Umeme, Mungu akubariki. Mzee wa Spea, throto ni nzima, sirudishi.

Fundi Umeme
Amina. Kesho asubuhi ikiwa baridi itaanza juu kidogo, usishtuke, itashuka ikipata moto. Mwambie fundi wako aisome kompyuta kwa mashine tena, ikileta P0507 (kodi ya silensa kuwa juu) rudi hapa.